Kile cha Bluu, Kitabu cha Pili

Wanangu, nyie watatu mliokuja Jumapili, mkakaa kwenye mkeka wangu na kumaliza birika zima la chai ya tangawizi, mmeniachia kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Mmetaka niwaandikie orodha ya vitabu vya kujijenga ambavyo kijana lazima avisome, ili kikundi chenu cha kusoma kianze navyo. Mkanisifia weee. "Mama Zubeda, wewe umeuza vitabu Kasulu na Kibondo mpaka miguu imekataa, nani atajua kama wewe?" Na mimi sifa napenda, nikakubali palepale. Mlipoondoka nikachukua kalamu, nikaandika jina la kitabu kimoja tu. Nikalisoma kwa sauti, nikasikia uso wote unapata moto kama niliyeinamia chungu cha ugali. Kalamu nikaiweka chini.

Nimetafuta namna ya kuwakwepa, sijaipata. Basi badala ya majina nitawapa habari yenyewe, nanyi mtaamua wenyewe kama mimi ni mtu wa kuulizwa.

Biashara ile nilifundishwa na mjomba wangu Sadiki, Mungu amrehemu, huko kwetu Ujiji. Yeye alianza na magazeti, akaongeza madaftari, mwisho akawa na vitabu vya kila aina. Mimi nilipoolewa Kasulu nikaja na maboksi mawili ya vitabu vyake, nikaweka meza karibu na stendi. Siku za gulio nilifunga mzigo nikaenda Kibondo, na Kakonko ilipopata wilaya yake mwaka ule wa 2012 nikaongeza na huko, maana ofisi mpya huleta watumishi wapya, na mtumishi aliyehamishiwa ugenini ana jioni ndefu. Rungwe Mpya nilikwenda mara moja, nikanyeshewa, nikauza kitabu kimoja kwa mtu aliyekitaka kwa ajili ya kujikinga mvua.

Vitabu vya shule vilijiuza vyenyewe. Vilivyohitaji ufundi ni hivi mnavyoviulizia. Kuzuia hasira. Kuweka akiba. Kuishi vizuri na mkeo. Kuacha pombe. Kusimama mbele za watu bila magoti kugongana. Mnaona vilivyo? Kila kimoja ni kizuri, na kila kimoja kinamtangaza mnunuzi. Mtu akinunua sukari hakuna anayegeuza shingo. Akinunua kitabu cha kuzuia hasira, soko zima limeshajua nyumbani kwake kuna kelele, na kesho yake mkewe akipita na jicho jekundu la vumbi watu wanaoneshana kwa viwiko. Mji wetu ulikuwa mdogo, na sisi watu wa huku tuna haya nyingi. Mtu yuko radhi abaki na tatizo lake kuliko kuonekana anatafuta dawa.

Kwa hiyo mjomba alinifundisha kufunika. Kitabu hakitoki mezani kikiwa uchi. Kinavalishwa karatasi ya kaki au kalenda ya mwaka uliopita, upande wa picha ukae ndani, pembe zikunjwe mara mbili zisifunguke kwenye mkoba. Mtu akikutana na shemasi wake njiani aonekane amebeba kitu chochote tu. Tena alinifundisha kutotaja jina la kitabu sokoni. Tulitaja rangi. "Kile chekundu kimekuja." "Cha kijani bado." Wateja wenyewe walizoea, wakawa wananiuliza kwa rangi hata wakinikuta msikitini au hospitali. Nilikaa na vitabu hivyo mpaka mimi mwenyewe nikawa siyakumbuki majina. Lishikeni hilo la rangi, maana ndilo lililonimaliza.

Na kutouliza kitabu ni cha nani. Hilo lilikuwa rahisi, maana walisema bila kuulizwa. Kilikuwa cha shemeji. Sijui kwa nini shemeji, wala si kaka wala rafiki, lakini wote waliimba wimbo mmoja. Muuza nyama mmoja, mwanaume mwenye mkono kama mchi, alikuja akiangalia juu kama anayetafuta mvua, akasema, "Kuna shemeji yangu mmoja hivi, hasira zinamsumbua." Nikamfungia chekundu. Kwa nilivyoona mimi, mashemeji wote wa Kasulu walikuwa na shida, na watu wengine wote walikuwa wazima wa afya.

Mteja naye unamsoma kabla hajasoma. Anayekigeuza nyuma kwanza anatafuta bei, huyo mwache. Anayeanza ukurasa wa kwanza anapitisha muda akisubiri basi. Lakini ukiona mtu amefungua katikati, akasoma mistari michache, akakifunga haraka na kutazama nyuma yake, huyo amekutana na ugonjwa wake. Usimsemeshe. Jifanye unapanga kalamu.

Sasa msidhani dunia yote iko hivyo. Kuna siku alikuja mama mmoja Mkongomani kutoka kambini Nyarugusu, amejifunga kitenge cha kung'aa. Akasimama katikati ya wateja akasema kwa sauti yake yote, "Mama, niko na huzuni mingi sana mu roho. Uko na kitabu ya huzuni?" Mwalimu mmoja aliyekuwa ameshika cha kijani akakirudisha taratibu. Mimi nikaanza kunong'ona, nikatoa kaki, yule mama akanishangaa. "Unafunika ya nini? Nitaanza kusoma mu njia." Akaondoka anasoma, kweli, anakwepa baiskeli bila kuinua macho. Nilimcheka siku ile. Nilisema hawa wenzetu hawana soni. Leo nikimkumbuka natamani ningemuuliza jina.

Basi, Bwana Laurenti. Alikuwa afisa katika ofisi moja ya serikali Kibondo, lakini kwao ni hukuhuku Rungwe Mpya, mtoto wa kwanza wa kijiji chao kukaa kwenye meza yenye kibao cha jina. Mpole, shati limenyooka, viatu anavifuta na jani kabla hajaingia popote. Jumamosi alikuwa akipitia Kasulu kwenda kuwaona wazazi, na siku moja akapita kwangu. Akashika kitabu chenye jalada la bluu. Akafungua katikati.

Nikapanga kalamu.

"Dada," akasema, "hiki kinasaidia kweli? Nina shemeji yangu…"

"Kinasaidia," nikamwambia. "Mashemeji wengi wamekisifu."

Uongo mtupu, ndiyo kwanza nilikuwa nimekipokea. Kilikuwa kitabu cha kujifunza Kiingereza kwa mtu aliyeanza akiwa mtu mzima. Kitabu cha Kwanza, chenye mazoezi na ukurasa wa majibu nyuma. Nikakivalisha kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, ile yenye picha ya maporomoko ya maji, akakiingiza kwenye mkoba akaenda.

Alirudi baada ya wiki kadhaa, akasubiri wateja waishe. Shemeji akamfia palepale, maana aliniambia ukweli. Alikuwa anaandika ripoti za Kiingereza ofisini, lakini kwa kunakili za mwaka uliopita na kubadilisha majina ya vijiji. Kwenye mikutano na watu wa mashirika alikuwa anacheka wa mwisho, akishaona wenzake wamecheka. Na baba yake kule kijijini alikuwa ameshatangaza kwamba mwanawe anaongea Kiingereza kama redio.

"Nataka mtu wa kunisikiliza nikisoma," akasema. "Ofisini siwezi. Nyumbani baba atasikia."

"Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye bei, mdogo wangu."

"Wewe shika majibu tu."

Ndivyo tulivyoanza. Jumamosi saa za jua kali, watu wakiwa wamelala, yeye alikaa nyuma ya meza juu ya kreti la soda, akifunga macho na kutamka. Mimi nilishika ukurasa wa majibu, nafuata herufi kwa kidole. Nilikuwa namsahihisha mtu mwenye stashahada katika lugha nisiyoijua, na kwa ukali.

"Nimepatia, dada?"

"Hujapatia. Hapa mwishoni pana S, wewe umeimeza."

Anarudia. Tunacheka. Mimi kwa kumsikiliza nikaokota sentensi mbili tatu za somo la kwanza, zile za kusema jina lako nani na unaishi wapi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba najifunza. Mimi nilikuwa muuzaji. Mwenye shida ni mteja.

Alimaliza kitabu chote mpaka jalada la nyuma. Niliona kwa kingo zake. Kitabu cha kujijenga kwa kawaida huchafuka kurasa za mwanzo tu, kwingine kote kinabaki cheupe kama jana. Cha Laurenti kilikuwa na alama za vidole vya vumbi letu jekundu mpaka kwenye majibu. Akaniomba cha pili. Nikaagiza Dar es Salaam kwa yule tajiri aliyekuwa ananiletea mizigo kwa basi, nikaambiwa subiri. Tukasubiri kweli.

Katikati ya kusubiri huko ukaingia mwaka 2015. Wageni kutoka Burundi wakaja kwa wingi, Nyarugusu ikafurika, na mashirika yakaanza kutafuta watu. Laurenti akaomba kazi katika shirika moja, akaitwa kwenye usaili, akajibu kwa Kiingereza maswali yote, maana mengi yalifanana na mazoezi yetu. Wakamchukua kwa miezi ya majaribio kwanza. Alikuja kuniambia kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Wameniuliza Kiingereza nimekitumia muda gani. Nimewaambia tangu shule."

"Si kweli? Shule ulisoma."

"Dada, unajua ninachosema. Wakijua nimeanza juzi juu ya kreti la soda, nitarudishwa. Na kule ofisini nimeshaacha. Nitarudi Rungwe Mpya na begi langu, baba ameshawaambia watu wote."

Nikamwambia nani atajua, mimi nina mdomo? Akatulia. Alinitazama kwa namna ya kuniamini kabisa, na mimi nikaona ni haki yangu.

Wiki ile ile ofisi yake ilipopanga kumuaga, basi likaleta kile cha bluu cha pili.

Na siku ya gulio Kibondo, Skola, katibu muhtasi wa ofisi yao, akaja mezani kwangu na mkoba wa michango. "Mama Zubeda, tunamuaga Bwana Laurenti Ijumaa. Saa ya ukutani tumeshanunua, shuka tumeshanunua, tunataka na kitabu cha kumjenga. Ni mtu wa huko kwenu, wewe ndiye unayemjua, tuchagulie."

Wewe ndiye unayemjua! Kichwa kikavimba. Nikasema moyoni, Ijumaa mdogo wangu atafurahi. Kitu alichokingoja miezi na miezi kitamfikia kama zawadi, ataelewa ni mimi, atanitafuta kwa macho ukumbini. Nikakivalisha kaki kama kawaida, pembe mara mbili. Juu ya kaki nikaweka karatasi ya maua na utepe.

"Ni kitabu gani?" Skola akauliza.

"Cha bluu. Mwenyewe ataelewa."

Akaridhika. Na mimi nikaridhika, wanangu. Hapo ndipo ninapojiuliza mpaka leo akili yangu ilikuwa wapi. Miaka yote ile nilifunga vitabu kwa ajili ya njiani, mtu afike navyo nyumbani salama. Nimeolewa mjini hapa, nimehudhuria sherehe zisizo na idadi, najua vizuri kwamba zawadi ya kuagana hufunguliwa mbele ya watu, ikanyanyuliwa juu na kutangazwa. Ningekuwa natoa sufuria ningekumbuka. Lakini kitabu kwangu kilikuwa rangi. Sikuwahi hata mara moja kulisikia jina lake likisomwa kwa sauti.

Walinialika. Nilishona gauni jipya, nikafika mapema, nikakaa mstari wa pili. Ukumbi ulikuwa umepambwa vitambaa vya kijani na vyeupe. Meza kuu alikaa mkuu wa ofisi, Laurenti na tai yake, na mama mmoja wa kigeni kutoka shirika lile, amekuja kumpokea mfanyakazi wake. Pembeni yake kijana Mtanzania wa kumtafsiria. Mstari wa mbele mzee wake Laurenti, amevaa koti zito la sherehe, mikono juu ya fimbo, anawatazama watu kama mwenye ukumbi.

Tukala. Zawadi zikaanza. MC alikuwa mwalimu kijana kutoka Dar, mwenye sauti ya redioni na maneno yake ya mjini. Saa ikanyanyuliwa, vigelegele. Shuka likafunuliwa, vigelegele. Kisha akakamata changu.

"Oyaa, tulieni! Hii imefungwa kama siri ya serikali!" Akararua maua. Akakuta kaki. "Duh! Ndani kuna nguo nyingine!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimeshakaa vizuri kusubiri macho ya Laurenti. MC akararua kaki, akanyanyua kitabu juu ya kichwa, kisha akakishusha akasoma jalada lote, neno kwa neno, kwenye kipaza sauti.

"Kiingereza cha Ukubwani. Kitabu cha Pili. Kwa mtu mzima aliyeanza karibuni na kumaliza Kitabu cha Kwanza."

Kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama maji. Mmoja akapiga kelele, "Bwana Laurenti, cha kwanza ulimaliza lini?" Wakazidi. Yule mama wa kigeni akamwinamia mkalimani wake, mkalimani akamnong'oneza, na mimi niliona kwa macho yangu paji la uso la yule mama likikunjana. Mzee wa Laurenti akamgeukia jirani akamuuliza kwa Kiha kitabu kinasema nini.

Sikujua aibu inaweza kuwa na uzito. Nilimtazama Laurenti nikaona mkono wake umeshika tai, hauivuti wala hauiachii. Kazi yake ilikuwa mikononi mwa yule MC, na mimi ndiye niliyeifunga utepe. Nilitaka kusimama niseme kitu, nikabaki nimekaa. Mimi Mama Zubeda, niliyewahi kugombana na mkusanya ushuru mpaka akakimbia.

Laurenti akasimama. Akacheka. Kicheko kizuri kabisa, cha mtu asiye na wasiwasi.

"Mama Zubeda!" akaita. "Yaani umenipa kitabu chako?"

Watu wote wakageuka.

"Jamani, msinicheke mimi, mchekeni huyu mama," akasema. "Huyu ni mwanafunzi wangu. Kila Jumamosi namfundisha Kiingereza pale mezani kwake. Cha kwanza amemaliza, cha pili amekiagiza mwenyewe kutoka Dar, sasa kwa haraka zake amefunga chake akaacha changu!"

Ukumbi ulipasuka. Nilimtazama, naye akanitazama, na machoni kwake hakukuwa na kicheko hata chembe. Alikuwa ananiomba.

Nikasimama. "Ni kweli," nikasema. "Nimechanganya. Changu hicho, nisameheni."

"Njoo uchukue, mwanafunzi!" MC akasema. "Na utupe Kiingereza kidogo, mgeni wetu asikie!"

Nikatembea mpaka mbele na gauni langu jipya. Nikapewa kipaza sauti. Nikasema sentensi za somo la kwanza, jina langu nani, naishi wapi, nikaimeza S ya mwisho, najua niliimeza maana nilimwona Laurenti akifumba macho. Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti. Yule mama wa kigeni alipiga makofi kwa upole, kama unavyompigia mtoto wa chekechea. Kisha akamgeukia Laurenti akamwambia jambo kwa Kiingereza, Laurenti akamjibu, na paji la uso la mama yule likanyooka. Mzee wake alikuwa anacheka kuliko wote. Alininyooshea fimbo.

Nikatoka na kitabu kwapani, bila kaki.

Njiani kurudi Kasulu nilikuwa na hasira ambayo hata chekundu kisingeiweza. Nilisema ameniuza. Nimemshikia majibu kwenye jua, halafu amenitupa mbele ya Kibondo nzima. Nilikuwa nimefika karibu na nyumbani ndipo aibu nyingine ikanishukia, na hii ndiyo haijaondoka. Kwani alinisingizia nini? Wizi? Uchawi? Alisema najifunza. Miaka yote nimewauzia watu vitabu vya kujifunza, nikawaambia ni jambo jema, ni jambo la heshima. Siku niliyoitwa mwanafunzi mimi, nikaona nimevuliwa nguo. Kumbe ile kaki sikuwa nawahurumia tu wateja. Na mimi nilikuwa naamini kwamba wana kitu cha kufichwa.

Sokoni walinitesa. Wauza nyanya walinisalimu kwa Kiingereza cha kwao. Makondakta wa stendi wakaniita Ticha. Nilitaka hata kuhamisha meza. Lakini likatokea jambo nisilolitegemea. Yule muuza nyama akaja mchana kweupe, hakuangalia juu. "Mama, nipe kingine cha hasira, cha kwanza nimemaliza."

"Cha shemeji?"

"Changu. Kwani na wewe si unasoma?"

Wakafuata wengine. Si wote, wala msidhani mji uligeuka. Lakini walikuwapo waliosimama wakasoma majina kwa sauti, wakabishana kipi kizuri, wakakataa kaki kama yule mama wa Nyarugusu. Biashara ilichangamka. Nami nilikuwa nafurahi kwa mdomo tu, maana walikuwa wananipa heshima ya mtu anayesoma, na mimi sikuwa nasoma kitu. Kile cha bluu nilikiweka chini ya meza. Nilijaribu kukifungua mara moja. Ukurasa wa kwanza ulisema, kama ulivyojifunza katika Kitabu cha Kwanza. Nikakifunga. Cha kwanza kilikuwa kimeisha hata Dar.

Laurenti hakuja tena. Alipata kazi yake, hilo nililisikia. Nilikuwa naona gari jeupe la shirika likipita kuelekea kambini, vioo vimepandishwa, najua yumo. Halikusimama. Nilimwelewa kwa kichwa, moyo ukakataa. Kuna siku nilipanga maneno yote nitakayomwambia, na kuna siku nilijificha nyuma ya turubai nilipoliona gari linapunguza mwendo.

Ndiyo maana orodha yenu siandiki. Kumchagulia mtu kitabu cha kujijenga ni kumwambia umeona palipobomoka. Unaweza kumwambia yeye, kwa sauti ya chini, ukiwa unamjua. Siwezi kuwaandikia kikundi kizima kwenye karatasi moja, mkabandika ukutani. Njooni mmoja mmoja, chai nitachemsha nyingine.

Habari ya Laurenti sijaimaliza. Mwaka ule ule, mvua za kwanza zimeshaanza, gari jeupe likasimama ng'ambo ya barabara. Akashuka dereva peke yake, kijana wa kwetu, akavuka akiruka madimbwi.

"Mwakeye, mama," akanisalimu kwa Kiha.

Nikamwitikia. Akatoa kifurushi ndani ya koti. "Bosi amenituma. Amesema hiki ni cha shemeji yako."

Nilikijua kabla sijakishika. Kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, pembe nilizozikunja mwenyewe. Nikafungua kidogo, nikaona maporomoko ya maji upande wa ndani, na kingo zenye vumbi letu jekundu mpaka ukurasa wa majibu.

"Na amesema," dereva akaendelea, anakumbuka kwa shida, "kwamba wewe una kitu cha shemeji yake."

Nikatazama ng'ambo. Kioo cha mlango wa nyuma kilikuwa kimeshushwa nusu. Laurenti alikuwa anatazama mbele, tai imenyooka, hakugeuka. Na mimi sikuvuka. Ningevuka ningesema nini? Nikainama, nikatoa kile cha bluu, nikakata karatasi ya kaki, na mikono iliyofunga maelfu ya vitabu ikawa haijui pembe inakunjwa wapi. Nikarudia. Nikakunja mara mbili. Dereva akaniuliza ni kitabu gani hicho, nikamwambia sijui, mimi nafunga tu.

Gari lilipoondoka mvua ikaanza kunyesha, wateja wakakimbilia barazani. Nikavuta kreti la soda nyuma ya meza, nikakaa, nikafungua somo la kwanza. Nikaweka kidole kwenye mstari. Uso ukapata moto uleule.

Muuza nyanya wa jirani, aliyenitania miezi yote, akachungulia juu ya turubai. "Mama Zubeda, unasoma nini huko nyuma?"

"Hiki?" nikasema. "Ni cha shemeji yangu."